Jina la Arobaini

Simu ya mumewe ilikuwa juu ya meza, imechomekwa kwenye chaji, na tangu kulipopambazuka Katibu hakuiondolea macho. Kila ilipotoa mlio, aliinama kusoma ni nani. Mwenye simu mwenyewe alikuwa uani, ananyoa ndevu kwa maji ya kikombe kimoja huku akipiga mluzi, hana habari wala hana wasiwasi. Zamu yake ya kuendesha pampu ya Idara ya Maji ilikuwa ya jioni, na siku ya zamu ya jioni mtu yule alikuwa na raha zake.

"Jana wamefika thelathini," akasema kutoka uani. "Leo wanamalizia. Aah, mimi Mungu ananipenda! Siku ya mkutano wenu nilikuwa zamu. Ningekuwa nimekaa pale nakunywa soda zenu, saa hizi ningekuwa natafuta pa kumlaza mama."

"Ndiyo," Katibu akajibu. Alipohakikisha mumewe amempa mgongo, akainyakua simu, akaizima, akairudisha palepale ilipokuwa.

Woga wa mama huyu haukuwa wa bure. Kila mtu alimwita Katibu, hata mumewe, kwa sababu ndiye katibu wa kikundi cha watumia maji pale mtaani, kazi isiyo na mshahara wala kiti. Miezi mitatu nyuma, muungano wa asasi za kiraia uliwajia na habari: nchi inakwenda ng'ambo, kwenye mkutano wa mataifa, kueleza ilivyotekeleza yale malengo kumi na saba ya maendeleo endelevu. Kwenye lengo la sita, la maji, serikali imeandika kwamba watu tisini na moja katika kila mia wana maji safi ya bomba. Asasi nazo zimepewa dakika mbili za kusema. Dakika mbili kwa nchi nzima! Lakini kwa watu ambao hata mwenyekiti wa mtaa huwasikiliza huku anakata kucha, dakika mbili mbele ya dunia si haba.

Katibu akaingia kazini. Wiki sita alizunguka na daftari la shule mlango kwa mlango, akafungua bomba moja moja kwa mkono wake. Mabomba sitini na mawili. Yaliyotoa maji, tisa. Kisha wakaitisha mkutano darasani, watu wakasema yao, akaandika, akatuma. Na kwa kuwa maishani mwake hajawahi kutuma ripoti bila karatasi ya mahudhurio, akaiambatisha na hiyo: majina, namba za simu, saini. Wafadhili ndivyo walivyowazoesha. Kwa wafadhili, bila karatasi ya mahudhurio hata harusi haikufungwa. Hakuna aliyemwambia kwamba safari hii ripoti haiendi kulala kabatini kwa mfadhili, inawekwa kwenye mtandao wa mkutano, na serikali nayo ina macho.

Wakasoma. Tangu Jumatatu ofisi ya mtaa ikawa inapiga simu kuwaita watu wahojiwe, kumi kwa siku, kwa kufuata orodha. Moja hadi kumi, Jumatatu. Kumi na moja hadi ishirini, Jumanne. Watu wakawa wanajua siku yao kama wanavyojua siku ya kliniki, na wengine hawakulala wakiisubiri. Leo ilikuwa Alhamisi.

Namba arobaini, ya mwisho kabisa, ilikuwa ya mumewe. Na mumewe hakukanyaga pale! Siku ile walihudhuria watu thelathini na tisa, mvua ikashuka, na fomu ya muungano ilisema mkutano wa jamii sharti uwe na watu arobaini. Mtu mmoja tu kupungua. Katibu alikodolea macho mlango nusu saa nzima, hakuingia hata paka. Basi akachukua kalamu, akamwandika mumewe na namba yake ya simu, akamwigizia na ile saini yake yenye mkia mrefu. Jina la kujazia. Makatibu wengi wamelifanya hilo, na hakuna aliyesikia kwamba mtu amekufa.

Saa nne simu yake mwenyewe ikalia. Alikuwa mratibu wa muungano, kijana mchangamfu wa tai na mizaha, ambaye tangu Jumapili alikuwa ng'ambo kwenye mkutano. Leo hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Dada, huku kumechafuka," akasema. "Ujumbe wa serikali umepeleka malalamiko kwa maandishi. Wanasema orodha yetu ni ya kughushi, kuna watu tumewatia na hawakuwepo."

"Wamemtaja nani?"

"Hawajamtaja. Wanamtafuta. Ndiyo maana wanawaita mmoja mmoja. Wakimpata hata mmoja, ripoti yote inaondolewa na dakika zetu mbili ndiyo basi. Tunasoma leo, huko kwenu saa tisa na nusu. Sasa niambie kweli, dada yangu. Wote arobaini walikuwepo?"

Hapo ndipo pa kusema. Njia ilikuwa nyeupe, na kijana alikuwa msikivu. Katibu akafikiria daftari lake, mabomba hamsini na matatu yaliyokohoa hewa tu mkononi mwake, wale mabibi waliompa kigoda apumzike na kumwambia andika, mwanangu, andika yote. Kurasa zote zile zilikuwa kweli tupu. Uongo ulikuwa mstari mmoja, tena mstari wa mwisho.

"Walikuwepo," akasema. "Wote."

"Mungu akubariki. Umenipa pumzi."

Simu ilikatika, yeye akabaki nayo sikioni. Siku za mwizi ni arobaini, na yeye zake alikuwa amezipigia mstari kwa rula na kuziwekea namba mwenyewe.

Mama Pacha aliingia saa sita bila hodi. Ni fundi cherehani wa mlango wa tatu, na kwenye orodha alikuwa namba thelathini na tatu. Viti vilikuwepo, lakini alikaa sakafuni. Pembeni Bibi, mama mkwe wa Katibu, alikuwa anashona kiraka. Bibi alikuwa namba kumi na moja. Aliporudi Jumanne alisema tu, "Wameniuliza, nimewajibu," na tangu hapo amekuwa kimya, jambo ambalo kwa Bibi yule lilikuwa dalili ya ugonjwa.

"Nimesaini," Mama Pacha akasema. "Katibu, nisamehe. Nimesaini."

"Umesaini nini?"

"Karatasi yao. Kwamba nilikuwepo lakini sikuelewa kilichosemwa. Mimi! Mimi niliyeongea mpaka mkaniambia nikae chini!" Akacheka kidogo, kisha akafuta pua kwa upindo wa nguo. "Wameniambia leseni ya kibanda changu inaisha mwezi huu, na wanaotoa leseni wako mlango wa pili. Ningefanyaje? Wamenisimamisha, jamani. Viti vitatu vitupu, nimesimama. Nimetia saini mara kumi waone kama mkono ni uleule. Halafu yule Afisa wao anayehoji ananiuliza, lengo la sita ni lipi? Nikamwambia maji. La saba je? Nikamwambia baba, la saba silijui, hili la sita lenyewe halijanifikia."

Hata mume wa Katibu, aliyesimama mlangoni na taulo begani, alicheka.

"Cheka tu, shemeji," Mama Pacha akasema. "Wanachouliza sana ni viti. Ulikaa wapi? Kushoto kwako nani? Kulia kwako nani? Wamechora darasa zima kwenye karatasi kubwa, kila kiti na jina la mtu wake. Na wewe simu yako haipatikani. Wamenituma nikwambie ufike saa tisa kamili. Usipofika, watakufuata kazini."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Si uko mwisho wa orodha? Arobaini."

"Mimi sikuwepo."

Mama Pacha alimtazama, akamtazama Katibu, akainuka. Fundi nguo haambiwi mshono umefumuka wapi. "Nimeacha kibanda wazi," akasema, na akatoka upesi kuliko alivyoingia.

Mume aliichukua simu yake, akaibonyeza, akaona imezimwa. Aliingia chumbani, na Katibu akamfuata, akarudishia mlango, akamwambia yote amesimama: mvua, fomu, thelathini na tisa, kalamu.

"Kwa hiyo ukaona mume wako ndiye mtu wa kujazia," akasema mume.

"Nilidhani ni karatasi tu. Zote huwa ni karatasi tu."

"Na saini?"

"Niliiga."

"Na mkia?"

"Na mkia."

Akakaa kitandani. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi naogopa mabosi, naogopa hao wa ofisi ya mtaa, kumbe wa kuogopwa analala upande wa ukutani." Alisema polepole, na Katibu angefurahi kama angefoka. "Unajua nyumba hii ni ya nani? Unajua?"

Alijua. Vyumba viwili vile vilikuwa vya Idara, na mwendesha pampu aliyekaa humo kabla yao alifukuzwa kazi asubuhi, vyombo vikatolewa nje kabla chai haijapoa. Beseni lake moja lilisahaulika. Ndilo wanalofulia hadi leo.

Mume akainua godoro, akatoa bahasha, na ndani yake nakala za kaboni za daftari la zamu. Akapekua moja moja. "Hii hapa. Tarehe ya mkutano wenu. Soma. Pampu imewaka kwa muda wa saa nane. Saini yangu hiyo, na huo mkia niliuvuta mwenyewe. Nikiwaonyesha hii, nimetoka. Nilikuwa kazini. Watanipa na mkono."

"Na mimi?"

"Utasema ulikosea."

"Kughushi saini ya mtu hakuitwi kukosea. Ni kifungo."

Mume akageuza uso. Nje mtu alipita na ndoo mbili tupu, zikigongana, hadi mlio ukapotea.

"Na pampu," Katibu akauliza, "siku hiyo iliwaka?"

"Niliambiwa niandike imewaka."

"Nimekuuliza kama iliwaka."

"Wewe si unajua? Mota imeungua tangu mwezi wa tatu! Naenda pale nakaa saa nane nzima natazama ukuta, nahesabu mijusi. Muda ukiisha naandika imewaka. Bosi anachukua, anapeleka juu, na huko juu wanajumlisha..."

"Wanajumlisha," Katibu akasema. "Ndiyo hiyo tisini na moja."

Wakakaa bega kwa bega ukingoni mwa kitanda. Kwenye nakala ya kaboni mume alikuwa pampuni. Kwenye orodha ya mkewe alikuwa darasani, siku ileile, saa ileile. Akikubali orodha, ameikana pampu, na kila mtu atajua kwamba mashine ililala siku ambayo Idara imeandika iliwaka. Akikubali nakala, ripoti inakufa kabla haijasomwa, na mkewe anakwenda kujibu kesi. Hakukuwa na mlango wa tatu.

"Naogopa," mume akasema. Katika miaka yote ya ndoa yao Katibu hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Naogopa sana, mke wangu."

"Na mimi naogopa."

"Nitawapa nakala. Nisamehe. Nina kazi moja, nyumba moja, na mama mmoja. Nitawaomba wasikufunge. Nitawapigia magoti."

Katibu angemlaumu kwa uso gani? Aliyemtia kwenye orodha bila kumuuliza ni yeye, na sasa anamtaka afe nayo. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na woga mtupu, ule wa kutaka kukimbia na huna pa kukimbilia.

"Haitawezekana," sauti ikasema nyuma ya mlango.

Bibi akausukuma, akaingia na kiraka chake na sindano ikining'inia.

"Mama, tuachie hili," mwanawe akasema. "Halikuhusu."

"Linanihusu. Jumanne walinisimamisha pale na magoti yangu haya. Yule Afisa akanisomea majina yote, la kwanza hadi la arobaini. Akasema, bibi, niambie nani hakuwepo. Niko hapo nasikiliza, nikasikia la mwanangu." Akamtazama mkwewe, na Katibu akainamisha kichwa. "Nikajua kalamu ni ya nani. Halafu akaniuliza, kushoto kwako alikaa nani? Mwanangu, kiti kile kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimeweka mkoba wangu."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia alikaa mwanangu."

Mume alifunika uso kwa mikono miwili. "Mama! Mama, umeniua!"

"Sijakuua. Nilidhani mkeo amekwambia. Nikasubiri aseme, hasemi. Nikasema basi, wamekubaliana, ngoja ninyamaze nisije nikaharibu." Bibi akakaa kati yao bila kukaribishwa. "Wameshakuchora. Uko kwenye karatasi yao, kushoto kwangu, mstari wa pili, dirishani. Sasa kama unakwenda kusema hukuwepo, nenda. Wataniita mwongo, na mwongo nitakuwa. Mimi nimezeeka, sitakufa kwa hilo. Lakini ndoo moja ya maji nimeisubiri hapo nje tangu saa kumi alfajiri, na mtu wa pampu ni mwanangu. Hilo nalo wataniuliza lini?"

Mume alishika ile nakala ya kaboni, akaisoma tena kana kwamba maandishi yangeweza kubadilika, kisha akaikunja mara mbili, akairudisha kwenye bahasha, na bahasha chini ya godoro.

"Darasa lipi?" akauliza.

Katibu hakumwelewa. "Eh?"

"Darasa. Nilikaa darasa lipi?"

"La mwisho," akasema, na machozi yakamtoka yenyewe. "Lenye ubao uliopasuka."

"Niliwahi?"

"Ulichelewa. Ndiyo maana ukawa wa mwisho. Mvua ilikuwa imeanza."

"Nilisema nini?"

"Hukusema kitu. Ulikuwa unasikiliza."

"Na soda?"

"Hukupata. Ziliishia kwa mtu wa thelathini na sita."

"Hata soda mmeninyima," akasema mume, na kwa sekunde moja alikuwa karibu na kucheka. "Nilivaa nini?"

"Shati la bluu. Lile unalopenda."

"Wee!" Bibi akamkatiza. "La bluu lilikuwa kwenye beseni wiki nzima, halijafuliwa, maji hakuna. Jirani wote waliliona. Aseme la kijani."

Mume akavua taulo begani, akalichukua shati la kijani msumarini, akalivaa. Vifungo vilimshinda. Katibu akamfungia, kimoja baada ya kingine, kuanzia chini.

Saa tisa kasoro dakika tano walikuwa kwenye ofisi ya mtaa. Mume aliruhusiwa kukaa kwenye benchi la ndani ya geti, mkewe akaambiwa asubiri nje. Kupitia dirisha Katibu aliiona ile karatasi kubwa imebandikwa ukutani: visanduku vilivyochorwa kwa rula, kila kimoja na jina. Mstari wa pili, dirishani, kulikuwa na kisanduku kilichozungushiwa wino mwekundu.

Simu ikatetemeka mkononi mwake, ujumbe umeingia. Mratibu. "Tumekaa tayari. Jamaa wanamnong'oneza mwenyekiti wa kikao. Bado wote arobaini?"

Alianza kuandika, akafuta. Benchini mumewe alikuwa ametia mikono mifukoni, kisha akaitoa kwa adabu, kisha hakujua aiweke wapi, akaiweka magotini. Hakumtazama mkewe. Midomo yake ilikuwa inacheza, na Katibu akajua anachokariri. Mstari wa pili. Dirishani. Kushoto kwa mama. Shati la kijani.

Afisa akatokea mlangoni, kalamu sikioni, na daftari la zamu la Idara ya Maji chini ya kwapa. Lile lenyewe, la jalada jeusi. Katibu alilitambua, akashika chuma cha geti.

"Namba arobaini!"

Mumewe akasimama. Akalinyoosha shati la kijani kwa viganja. Kisha akainua kichwa.

"Nipo," akasema, kabla hajaulizwa.